Gari la injekta la zamani linamisi na kuacha: ushike kipimo kipi kwanza?

Injini inayomisi muda wote, yaani silinda inayokosa kuchoma mafuta, ni rahisi. Silinda imekufa, unaisikia, unachomoa soketi ya nozeli (kipulizia petroli cha silinda) moja baada ya nyingine mpaka uifikie ile ambayo mlio haubadiliki, na hapo kazi imekwisha nusu. Ugonjwa mgumu ni ule wa kuja na kuondoka. Gari linawaka vizuri asubuhi, linakwenda dakika ishirini, kisha linastuka mara mbili tatu kama limekatwa pumzi, halafu linaendelea kana kwamba hakukuwa na kitu. Ukifika kwa fundi limepona.

Gari langu la mwaka 1981, silinda 4, injekta za L-Jetronic (mfumo wa Bosch wa kupulizia petroli kwa amri ya kompyuta), lilinitesa hivyo miezi minne. Lilibadilishwa plagi, waya za plagi, kifuniko cha distributa (kigawa umeme kwa plagi), rota inayozunguka ndani yake, filta ya mafuta, mwisho pampu. Kila spea ilipofungwa gari lilitulia siku mbili tatu, tukapeana mikono, kisha likarudia. Tangu wakati ule nimeshika vipimo vingi, vya kwangu na vya kuazima, na hapa nitavilinganisha kwa swali moja: kati ya hivi, kipi kinaweza kuwepo pale ugonjwa unapotokea? Kipimo kinachosoma injini iliyozimwa kinakueleza hali ya injini iliyozimwa, na injini hii ikizimwa haiumwi.

Cha bure: mshale wa RPM

Kabla ya kununua chochote, tumia kilichopo kwenye dashibodi. Magari mengi ya miaka ya 1970 na 1980 yana geji ya RPM inayochukua ishara upande wa hasi wa koili, ile inayozalisha umeme mkubwa wa plagi. Yaani haihesabu krenki imezunguka mara ngapi, inahesabu koili imekatwa mara ngapi. Na barabarani, gia ikiwa imeingia na klachi imeachiwa, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini hata kama haichomi chochote.

Hapo ndipo utamu ulipo. Gari likistuka na mshale ukabaki sambamba na mwendo, koili inapata amri zake kama kawaida, kwa hiyo tafuta mbele ya koili, yaani kifuniko, rota, waya na plagi, au nenda upande wa mafuta. Mshale ukidondoka ghafla huku gari bado linabingirika kwenye gia, koili imekosa amri. Washukiwa ni ignita (kifaa cha kielektroniki kinachoikata na kuiwasha koili), sensa ya ndani ya distributa, pointi (mguso wa chuma unaokata umeme wa koili) kama gari lako bado linazo, swichi ya funguo, relei kuu (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au waya unaovilisha vitu hivyo. Kwa mtazamo mmoja wa sekunde moja umeshaondoa nusu ya injini.

Udhaifu wake ni kwamba kwenye gari la otomatiki injini haikushikana na magurudumu kwa uimara ule, kwa hiyo mshale unaweza kushuka kidogo bila kumaanisha hivyo. Na geji inayozungushwa kwa kebo kutoka kwenye injini haikusaidii kabisa.

Sikiliza na mwili wa gari. Umeme ukikatika gari linapigwa kofi, kama mtu amezima swichi na kuwasha. Mafuta yakipungua gari linalegea kwanza, linakuwa zito, ndipo linaanza kukohoa. Tahadhari moja kwa wenye L-Jetronic: kompyuta yake inahesabu mizunguko kutoka ncha ileile ya hasi ya koili. Amri ikikosekana kwenye koili, nozeli nazo zinanyamaza papo hapo. Nimeona watu wakikuta hakuna moto na hakuna mafuta kwa pamoja, wakahukumu kompyuta imekufa na kuitafuta mpya, kumbe chanzo ni kimoja na kiko kwenye ignita.

Upande wa moto: taa ya taimingi, kijaribio cha cheche, oskiloskopu

Vitatu hivi hufanya kazi zinazofanana kwa mbali, na wengi hununua kisichowafaa.

Kijaribio cha cheche ni kile chenye mwanya mpana unaoweza kuurekebisha, unakifunga mwisho wa waya wa plagi na kutazama cheche ikiruka. Kinajibu swali la nguvu: koili hii ina uwezo kiasi gani? Ni bora mara nyingi kuliko desturi ya kulaza plagi juu ya injini na kusema "moto upo". Ndani ya silinda hewa imebanwa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka mwanya uleule. Plagi inayowaka vizuri juu ya bloku inaweza kushindwa kabisa ukikanyaga mafuta kupanda mlima. Ila kijaribio hiki hakiendi barabarani. Ni cha gereji, cha dakika mbili, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na ugonjwa wako haupo muda huo.

Taa ya taimingi wengi wanaijua kwa kazi moja, kuweka taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Kwa kumisi kwa mara moja moja mimi naiweka juu ya vyote. Kibanio chake kinashika waya kwa nje bila kuchomoa kitu, kila umeme mkubwa unapopita taa inapiga, na jicho la binadamu linagundua pigo moja lililoruka haraka kuliko unavyodhani. Ukibana waya wa plagi ya silinda ya kwanza, kisha ya pili, unajua ni silinda gani inakosa. Ukibana waya wa kati, ule unaotoka koili kuingia distributa, unajua kama kosa liko kabla ya distributa au baada yake. Waya wa kati ukikosa pigo, usihangaike na kifuniko wala waya za plagi. Waya wa kati ukiwa mzima na mmoja wa plagi ukawa unaruka, umeshafika kwenye kifuniko, rota au waya huo.

Jioni niliyolikamata la kwangu ilikuwa hivyo. Boneti wazi, giza limeingia, mdogo wangu ameketi kwenye usukani akishikilia mizunguko 2,500, mimi nimeelekeza taa ukutani ili nione mapigo yake kwenye rangi nyeupe. Robo saa ya kwanza, mapigo yalikuwa sawasawa kama cherehani. Kisha ukuta ukawa mweusi kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, injini ikatikisika, na mdogo wangu akapaza sauti kutoka ndani, "Kaka, mshale umedondoka!" Kibanio kilikuwa kwenye waya wa kati. Miezi minne ya spea ilijibiwa na ukuta mweusi: kila nilichonunua kwa ajili ya moto kilikuwa upande wa pili wa koili.

Lakini nayo haisemi kila kitu. Taa inaona umeme umepita kwenye waya, haioni ulikokwenda. Kikofia cha mpira cha plagi kikiwa kimetoboka na cheche inaruka kwenda kwenye bloku, taa itapiga vizuri tu. Plagi iliyojaa masizi pia inaipitisha kimya. Taa inayopiga sawasawa huku silinda inamisi inakuambia uangalie mwisho wa waya, au uhame upande wa mafuta.

Oskiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye kioo, ndiyo inayoona kote kuwili. Kwenye kioo chake unaona mnara wa volti zinazohitajika kuruka mwanya, na baada yake mstari wa cheche ikiendelea kuwaka, ambao kwa kawaida hudumu kati ya milisekunde 1 na 2. Mnara mrefu kupita wenzake ni waya uliokatika ndani au mwanya uliopanuka. Mstari mfupi unaoyumba mara nyingi ni mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Inarekodi, kwa hiyo unaweza kwenda barabarani, ukarudi na kuangalia sekunde ile ya mstuko. Kama unajua kuisoma, hakuna kinachoishinda. Kama hujui, itakupa michoro mizuri na siku tatu za wasiwasi, maana injini nzima pia ina mistari isiyofanana kabisa. Ningesema ijifunze kwenye gari lisilo na ugonjwa kwanza. Kwa anayetaka jibu wiki hii, taa ya taimingi.

Na tafadhali, usichomoe waya za plagi injini ikiwaka ili "kusikiliza". Kwenye ijinisheni za kielektroniki umeme ule unaweza kukudhuru vibaya, na koili ikikosa pa kutoa moto inaweza kujiua yenyewe au kuua ignita. Kwenye L-Jetronic na D-Jetronic chomoa soketi ya nozeli badala yake. Unapata jibu lilelile bila kumwaga petroli isiyoungua kwenye ekzosi.

Upande wa mafuta: inategemea una mfumo gani

Hapa watu hushauriana vibaya kwa sababu "injekta" si kitu kimoja.

D-Jetronic, iliyoanza 1967, ina nozeli za umeme zinazofunguliwa kwa makundi. Kwenye injini ya silinda 4 ni makundi mawili ya nozeli mbilimbili, na amri hutoka kwenye pointi maalumu zilizofichwa chini ya distributa. Silinda mbili zikimisi kwa pamoja kwenye gari la aina hii, hasa kama ni kundi moja, fungua distributa ukasafishe pointi hizo kabla ya kugusa kitu kingine. L-Jetronic, ya 1974, hufungua nozeli zote kwa wakati mmoja. Silinda moja ikiwa peke yake na kosa la mafuta, basi ni nozeli yake, soketi yake au waya wake, si kompyuta. K-Jetronic, ya 1973, haina amri ya umeme kwenye nozeli kabisa. Inamwaga mfululizo kwa nguvu ya presha.

Ndiyo maana ile taa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya nozeli, inayowaka kila amri ikija, ni chombo kizuri kwenye D na L na ni bure kwenye K. Inafungwa kwa sekunde tano na inaonyesha amri ikikatika hata mara moja. Isichoonyesha ni mafuta yenyewe. Amri inaweza kufika vizuri na nozeli ikawa imekwama kwa uchafu. Hapo bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli na mpini sikioni, itakuambia ipi inagonga na ipi imenyamaza.

Geji ya presha inafaa kwenye mifumo yote mitatu ukijua namba zake. D-Jetronic huzungukia bar 2. L-Jetronic nyingi ni bar 2.5 mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) wa regyuleta ya presha ukiwa umechomolewa, na za baadaye bar 3, kisha hushuka takriban nusu bar injini ikiwa sailensa mpira umerudishwa. K-Jetronic iko karibu na bar 5, na ina presha ya pili ya udhibiti inayopanda kadiri injini inavyopata moto. Ukiwa na K bila geji yenye vali ya kupimia zote mbili, unabahatisha.

Kati ya taa ya nozeli na geji, kwa ugonjwa wa gari kulegea kwenye mwendo mkubwa au mlimani chagua geji bila kusita, na isome gari likiwa na mzigo. Pampu iliyochoka au chujio la ndani ya tenki lililoziba litatoa presha nzuri kabisa sailensa. Mimi hufunga geji nje, juu ya kioo cha mbele, kwa mpira uliotengenezwa kwa petroli yenye presha, vibanio viwili kila mwisho, nimekagua kama kuna kuvuja kabla ya kutoka, na mwenzangu ndiye anayeisoma. Mpira wenye petroli hauingii ndani ya gari kwa hali yoyote, na kizima moto kinakaa mkononi. Kabla ya yote hayo fungua kifuniko cha tenki mara baada ya mstuko. Kikivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba na umeokoa wikiendi nzima.

Kwa K-Jetronic kuna jaribio dogo ninalolipenda. Injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili. Injini isiyo na hitilafu itayumba au kuzima, kwa sababu imepata hewa isiyopimwa. Isipojali, basi tayari inavuta hewa mahali pengine, na mpira uliopasuka unaofunguka injini inapotikisika kwenye mikono inayoishikilia unaweza kuwa ndio mstuko wako.

Multimita: rafiki mzuri, shahidi dhaifu

Kila mtu anayo, kwa hiyo kila mtu huanza nayo. Anapima koili ikiwa baridi, anakuta omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ziko sawa, anaiondoa kwenye orodha ya washukiwa. Hilo ndilo kosa. Koili, ignita na sensa zinazokatika zikipata joto zitasoma vizuri zikipoa. Ukilazimika kupima omu, pima dakika ileile gari lilipozima, kabla ya kufunga boneti.

Inapong'ara ni kwenye kupima volti zinazopotea njiani, umeme ukiwa unatumika. Weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku injini ikiwaka. Zaidi ya volti 0.2 hivi, waya wa hasi kati ya betri na bloku una kutu. Na kama multimita yako ina kitufe cha kuhifadhi kiwango cha chini na cha juu, hiyo inageuka kuwa shahidi wa kweli. Iunganishe kwenye umeme unaoilisha koili au pampu, endesha, kisha soma volti ilishuka mpaka ngapi. Relei za zamani hukamatwa hivyo. Relei ya DME (kompyuta ya injini) ya Porsche 944 inajulikana kwa maungio ya kulehemu yanayopasuka ndani yake, na haiko peke yake kwenye magari ya umri huo.

Kingine kinachoonekana kwa multimita ni sensa ya joto la maji ya L-Jetronic. Kwenye nyuzi 20 inasoma takriban omu 2,500, kwenye nyuzi 80 karibu 300. Soketi yake ikilegea na kukatika, kompyuta inaamini injini ni barafu na kumwaga mafuta kupita kiasi. Kumisi kwa namna hiyo huja na moshi mweusi na harufu ya petroli.

Vakyumu, kompresheni, skaneri

Geji ya vakyumu watu wameisahau bila haki. Injini nzima usawa wa bahari hutulia kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Mshale unaodondoka kwa mpigo uleule kila mara ni vali inayovuja. Unaodondoka pasipo mpangilio, mara moja, kisha kimya, huwa ni vali inayokwama kwenye mrija unaoiongoza, na hilo kipimo cha kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) hakitaliona, kwa sababu kompresheni hupimwa injini ikizungushwa kwa stata tu. Kompresheni ipime kwa ajili ya kujua afya ya injini, si kwa ajili ya ugonjwa huu.

Skaneri, ile inayosoma makosa kwenye kompyuta ya gari, iache. Mfumo wa OBD-II, wa gari kujipima makosa, unaohesabu kumisi ulikuwa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. K-Jetronic na L-Jetronic za kawaida hazina kumbukumbu ya kusomwa.

Kuamsha ugonjwa badala ya kuusubiri

Vipimo vyote hivi vinakuwa bora mara kumi ukiweza kulileta kosa mwenyewe. Kwa la joto tumia mashine ya kukaushia nywele, ukipasha kifaa kimoja kimoja, ignita kwanza. Kwa kuthibitisha tumia spreyi ya kupoza vifaa vya umeme, ile isiyoshika moto. Kwa la mvua na umande, nyunyizia maji kama ukungu juu ya waya na kifuniko gizani, mikono mbali, na utaona mistari ya buluu ikitambaa pale panapovuja. Kwa la mashimo ya barabarani, tikisa mafungu ya waya injini ikiwaka, moja baada ya lingine. Volvo 240 za mwanzo wa miaka ya 1980 zinajulikana kwa ganda la waya za injini kubomoka lenyewe, na huko kutikisa kidogo tu kunatosha kupata jibu.

Basi uchague nini

Linastuka ghafla likipata moto, mshale unadondoka: taa ya taimingi kwenye waya wa kati, na mashine ya nywele juu ya ignita. Linastuka mshale umetulia, hasa kukiwa na unyevu: chupa ya maji kwanza, kisha taa kwenye waya mmoja mmoja. Linalegea ukilikanyaga: geji ya presha barabarani. Silinda moja ileile kila mara: hamisha nozeli na plagi yake kwenda silinda nyingine, moja kwa wakati, uone kosa linafuata nini. Halina mpangilio wowote na moto na mafuta vyote vimethibitika: geji ya vakyumu. Mwenye bajeti ya kitu kimoja tu anunue taa ya taimingi, isipokuwa mwenye K-Jetronic inayolegea, huyo geji haiepukiki.

Na ukishapata, usifunge boneti bado. Nilipofunga ignita mpya gari lilikwenda wiki moja bila kosa, lakini hata pampu ilikuwa imenipa siku tatu za namna hiyo. Kwa hiyo nikarudisha ile ya zamani, nikabana taa kwenye waya wa kati, nikaipasha. Dakika ya nne ukuta ukawa mweusi. Nikaipulizia baridi, mapigo yakarudi. Nikapasha tena, yakapotea. Ndipo nikafunga mpya, nikaipasha kwa muda mrefu zaidi, na taa haikuruka hata pigo moja.